Filamu ya Kitabu cha Valens na Mukasine

Kule Bihambwe, kwenye vilima vya Masisi, watu walipomwona Valens Hakorimana amevaa koti lake la Pasaka siku ya kawaida, hawakuuliza anakwenda wapi. Habari ilikuwa imeshazunguka shirika zima, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa pale: kile kitabu cha ndoa kimefanywa filamu, na itaonyeshwa Bweremana, kwenye ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Kuni Mbili, Moto Mmoja*, na kiliandikwa na sista mmoja mzee. Maharusi wengi wa pale walikisoma kabla ya kufunga ndoa, halafu wakakiweka juu ya kabati. Valens na mkewe Mukasine hawakukiweka popote. Mukasine alikuwa na macho mepesi kwa herufi, basi yeye alisoma na Valens akasikiliza, mwaka hata mwaka. Tena walibishana nacho. Kila Mukasine alipofika pale panaposema mke asilale na hasira, alikifunga kitabu na kusema, "Huyu sista hakuolewa hata siku moya. Hasira yangu italala na miye, asubui nitaiamusha."

Lakini lilikuwako shauri moja ambalo hata Mukasine hakulibishia. Kitabu kilisema: ukiwa na neno gumu la kumwambia mwenzako, usimwite akae mbele yako kama mshitakiwa. Mfuate alipo, shika kazi aliyoishika, ndipo useme.

Wakaishi hivyo. Siku Valens alipotaka kumwambia mkewe kwamba hawatahamia Mpofi, kule Walikale kwa kaka zake Mukasine, alimkuta anamenya maharage, akaketi, akavuta ungo katikati yao. Mukasine akatazama ile mikono mikubwa inavyohangaika na maganda. "Papa Adelaïde," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "sema basi. Maharagi itaisha na bado haujasema." Watoto hawakuwa wakijua lolote. Mama yao alipoona baba anakaribia kazi isiyo yake, aliwatuma wote mtoni kuchota maji.

Halafu ikaja siku Mukasine aliporudi kutoka hospitali. Valens alikuwa uani anatia mpini mpya kwenye jembe. Mkewe hakuingia ndani. Alipiga magoti kando yake na kitenge chake cha safari, akaushika ule mpini upande wa pili. Hata hajafungua kinywa, Valens alikuwa ameshajua. Wakautia mpini mpaka ukakaa sawa. Maharage ya msimu uliofuata, Valens aliyavuna peke yake.

Ndiyo maana alipanda pikipiki Ijumaa ile, akashuka Sake, akafuata barabara ya kando ya ziwa mpaka Bweremana kwa binti yake Adelaïde. Hakwenda kutazama nyota wa filamu. Alikwenda kusikia yale maneno tena kwa sauti ya mtu, kwa kuwa nyumbani yalikuwa yamenyamaza.

Ukumbi ulijaa. Adelaïde alikaa mbele na wanawake wenzake wanaouza samaki. Valens alichagua benchi la nyuma. Madirisha yakazibwa kwa maturubai, na picha ikatokea juu ya shuka jeupe ukutani. Mume na mke wa kwenye filamu walikaa katika jumba lenye mlinzi getini. Walikuwa na gari, na mke alibadilisha mavazi kila alipopita mlangoni. Sawa, Valens akajiambia, matajiri nao wanaoana.

Akavumilia. Sista mzee, ambaye ndani ya kitabu hakuchekesha kusudi, huku alifanywa mtu wa kuanguka na kuvunja sahani. Ukumbi ukacheka. Valens akavumilia na hilo. Mwishowe mume akarudi nyumbani na neno gumu moyoni. Hilo lilionekana wazi usoni mwake. Mke alikuwa jikoni anakata vitunguu. Valens akainama mbele mpaka magoti yakagusa benchi la mbele yake. Sasa, akasema moyoni. Shika kisu. Shika kitunguu.

Mume akasimama mlangoni. Muziki ukapanda. Akamshika mkewe mkono, vitunguu vikabaki pale pale, na mara wakawa hotelini, mume amepiga goti na maua yaliyofungwa kwenye plastiki. Neno gumu halikusemwa kabisa. Watu wakapiga makofi.

Valens akageukia kushoto, upande aliozoea kukaa Mukasine, mdomo umeshafunguka. Pale palikuwa na msichana asiyemjua, anarekodi kwa simu yake. Akafunga mdomo.

Walipotoka nje, jua lilikuwa bado kali juu ya ziwa. Adelaïde alimfikia huku anajipangusa macho.

"Papa, umeona vile nililia?"

"Niliona."

"Na weye? Haikukufuraisha?"

"Iko muzuri," Valens akasema. "Sauti ilitoka muzuri."

Wakatembea. Hakuwa na ugomvi na vijana waliotengeneza ile filamu. Kila chungu na mpishi wake. Kilichomuuma ni kwamba kulaumu kwa namna ile ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaanza, mwenzake anaongezea chumvi, mpaka wote wanacheka. Alikuwa na lawama tele, hakuwa na wa kuzipokea.

Nyumbani, Adelaïde alikaa kwenye kigoda na beseni la sambaza, akaanza kuchambua vile visamaki, vilivyopondeka kando, vizima kwenye turubai. Valens akamtazama. Akafikiri: huyu ni mtoto wa Mukasine. Nimwambie. Nimwambie habari ya ungo, na ya mpini. Akavua koti, akaketi chini karibu naye, akatia mkono ndani ya beseni.

"Papa!" Adelaïde akaruka. "Acha iyo! Utanuka samaki mupaka Bihambwe. Weye uko mugeni, pumuzika." Akalivuta beseni upande wake, akaita, "Darius, letea Papa kiti!"

Darius, mumewe, alikuwa kijana mwenye adabu. Alileta kiti chenye mgongo na chupa ya fanta, akakiweka kivulini, mbali na harufu. Valens akashukuru, akakaa. Mkono wake ulikuwa na magamba mawili matatu yanayong'aa. Akayaangalia, kisha akaangalia ziwa, na fanta ikapata moto mkononi.

Aliporudi Bihambwe, watu wa shirika walimngoja. "Papa Valens, ile filme iko aje?" Akawajibu, "Muende muone." Kisha akakitoa kitabu, akajaribu kusoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Maneno yalikuwa yale yale. Alipofika kwenye hasira akasimama kidogo, kwa mazoea, akingoja mtu akatize. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Mvua za Septemba zilipoanza, Adelaïde alimpigia simu. Akasalimia, akaeleza habari za watoto. "Papa, nilikuwa nawaza. Ile filme, Mama angesema nini?"

Valens alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. "Mama yako? Angesema: huyu mwanaume anaacha bitunguu katikati, njo nani atabimaliza?"

Adelaïde naye akacheka, cheko la mama yake hasa, lile linaloanzia puani. "Bitunguu? Papa, bitunguu iko na maana gani?"

"Sikiya," Valens akasema. "Kwa kitabu kuko fasi moya—"

Simu ikakatika. Akapiga. Akapiga tena, na kila mara sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba namba ile haipatikani. Akabaki amesimama pale kilimani, mahali pekee panaposhika mtandao, mpaka mvua ikamfukuza.