Bogusia na vali zinazosoma baridi ya Białystok

Saa mbili na nusu asubuhi, nje ni nyuzi kumi na saba chini ya sifuri, na Bogusława Wrzosek amepiga magoti mbele ya redieta, chombo cha chuma kinachopasha chumba joto kwa maji ya moto, sebuleni kwa Bi Leokadia Sawczuk, ghorofa ya nne. Mwenye nyumba amesimama nyuma yake, koti mwilini, kofia kichwani, kama anayesubiri basi.

"Hiki kidude chako kinanifanya mjinga, mwanangu," analalamika ajuza huyo wa miaka 81. "Kinasema nyuzi 22. Mimi natetemeka. Nani mwongo hapa?"

"Tutamjua sasa hivi, Mama," anajibu Bogusia, kama anavyoitwa na wengi hapa Białystok, kaskazini-mashariki mwa Poland.

Kidude chenyewe ni vali ya kisasa, ukubwa wa kopo dogo la maziwa, inayofungwa ubavuni mwa redieta. Hupima joto na kufungua au kubana maji ya moto yenyewe. Jua likiingia, inabana. Dirisha likifunguliwa ghafla, inafunga. Baada ya wiki chache huwa imeshajua chumba huchukua muda gani kupata joto, na siku za baridi kali huanza kazi mapema. Bogusia amefunga 340 tangu Septemba.

Leo kazi hiyo iko hatarini. Saa kumi jioni wakazi wa jengo watapiga kura: vali zibaki au zing'olewe. Malalamiko yalianzia humu. Zikikataliwa, ushirika wa nyumba uliompa kazi hautamhitaji Bogusia msimu ujao.

Haingekuwa mara yake ya kwanza kupoteza kazi. Alishona makoti kiwandani miaka kumi na tisa, hadi kilipofungwa. Akiwa na miaka 41 alikwenda kujifunza ufundi bomba, mwanamke pekee darasani.

"Wenzangu waliniuliza, 'Bogusia, umekuja kushona mabomba?'" anakumbuka, akicheka. "Nikawaambia nitayashona yasivuje. Yao yalivuja."

Anaweka kipimajoto mezani, karibu na kiti cha Bi Leokadia. Baada ya dakika kumi kinasoma 16. Anakisogeza kando ya vali: 22. Anageuza macho juu, kwenye pazia zito la mahameli linaloifunika redieta hadi sakafuni.

"Mama, hili pazia halikuwepo nilipofunga vali Oktoba."

"Lilikuwa kwa dobi. Marehemu mume wangu alilinunua. Hulitoi!"

"Kosa ni langu," anasema Bogusia. "Nilipaswa kuuliza. Joto limenaswa nyuma ya pazia, vali inadhani nyumba nzima iko hivyo, inafunga. Wewe huku unaganda."

Bogusia halitoi pazia. Anachukua kwenye begi kihisi joto, kidogo kama kifungo cha koti, anakibandika kwenye kabati karibu na kiti na kukiunganisha na vali bila waya. Sasa vali itafuata joto la pale anapokaa bibi. Kisha wanalifunga pazia pembeni kwa mkanda, mchana tu, kwa makubaliano.

Redieta inaanza kuunguruma. Kufikia saa tano, kofia imevuliwa. Kufikia saa sita, koti. Bi Leokadia anatia babka, mkate wa viazi vilivyokunwa, kwenye ovena, na muda si mrefu vali inalia *zzz*.

"Imekufa!" anamaka.

"Imesikia ovena yako, Mama. Joto la jikoni limefika huku, inapumzika."

"Ala! Ina akili kuliko mkwe wangu."

Jioni, kwenye chumba cha mikutano, Bi Leokadia ndiye anayesimama kwanza. "Mimi ndiye niliyepiga kelele," anawaambia majirani. "Leo nimekula chakula cha mchana bila koti. Fundi amekiri kosa lake mbele yangu. Nyie mmewahi kusikia mafundi wangapi wakikiri?"

Vali zinabaki, kura 41 kwa 12. Bogusia, aliyekuwa ameshikilia glavu zake muda wote, anaketi na kufuta macho.

Tangu siku hiyo, kabla hajafungua begi, huuliza kwanza kila mwenye nyumba anapenda kukaa wapi.

Mwezi wa Mei atafanya mtihani wa fundi mkuu. Akifaulu, anataka kufungua karakana yake na kuwafundisha wanawake. Wawili wameshajiandikisha, mmoja ana miaka 52.

"Aliniuliza kama amechelewa," anasema Bogusia, akibeba begi lake kuelekea ghorofa ya tano. "Nikamwambia aje Jumatatu tupande ngazi pamoja, na avae viatu vizuri."