Tulipopaka Rangi Jiko la Mama

Mimi ni mtu wa haraka, na sijifichi. Nikiona kitu kimepitwa na wakati mkono huniwasha mpaka nikiguse. Mume wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali. Sasa, jiko la mama mkwe wangu lilikuwa limeniwasha mkono kwa miaka kumi na saba.

Tulikuwa tukiishi pamoja. Yeye alikuwa akiishi nasi. Hapana, ngoja niseme vizuri: sisi ndio tuliokuwa tukiishi naye. Hata leo swali hilo linanichanganya. Nyumba ni moja ya zile za mawe za zamani huku Eastlands jijini, aliyoingia na marehemu baba mkwe wakiwa vijana wametoka kijijini magharibi, mzee akiwa karani wa reli. Mimi nilikuja pale bibi arusi mwembamba, sijui kitu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne, na shangazi aliyenilea alinifundisha chai na mkate, basi. Huyu mama mkwe ndiye aliyenishika mkono akanionyesha ugali unavyosongwa mpaka ukaiva, mboga ya mrenda inavyopikwa na kunde, na chumvi ya majivu inavyochujwa. Sikuwahi kumwita mama mkwe. Nilimwita Mama tu, na nilimaanisha.

Jiko lenyewe, nisieleweke vibaya, halikuwa chafu. Lilikuwa safi kuliko majiko mengi mapya. Kabati zake za mbao zilikuwa na rangi ya krimu, zimefutwa kwa kitambaa miaka mingi mpaka zikawa laini kama sabuni. Meza ya simiti ilipakwa nyekundu na kung'arishwa kwa waksi kila Jumamosi. Mfereji wa shaba ulisuguliwa kwa majivu hadi ukameta. Lakini lilikuwa la zamani, jamani! La zamani kabisa. Ukiingia pale unatarajia kusikia taarifa ya habari ya enzi zile redio ilikuwa ya mtaa mzima.

Halafu mwenzangu wa kazini akahamia Njiru. Tukaenda kumtembelea, akatuonyesha jiko lake: kabati za kijivu, vishikio vyeusi, ukuta una vigae vyeupe vya kubandika kwa gundi. Akasema hakubomoa hata tofali moja. Nilirudi nyumbani nina wivu, nikaanza kutazama video kwa simu, hizi za kukuonyesha namna ya kupendezesha jiko la zamani bila kulivunja. Nikamwambia Mama. Akajibu, "Tutaona." Mwaka uliofuata nikamwambia tena. "Tutaona, mwanangu." Kwetu sisi tulioishi naye, "tutaona" maana yake ni hapana yenye adabu. Lakini mimi niliamua kutoelewa.

Ndipo dada yake mkubwa akafariki huko nyumbani kijijini, na Mama akasafiri kwenda kumzika. Alikuwa akae wiki mbili. Mume wangu alienda mazishini akarudi siku ya pili yake, kazi haikumruhusu kukaa. Nilimpokea kwa chai na wazo langu.

"Tumfanyie Mama surprise," nikasema. "Arudi na huzuni zake akute jiko linang'aa."

Mume wangu ni mtu wa kukubali ili alale. "Sawa," akasema, "bora usibomoe."

Sikubomoa. Nilimleta fundi mmoja mzee wa Dandora, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliingia, akapitisha kidole kwenye kabati, akatikisa kichwa. "Hii mbao imetunzwa," akasema. "Mwenye jiko amekubali?"

"Mwenye jiko ni mimi," nikajibu. Bila hata kupepesa jicho!

Tukapiga msasa. Tukapaka kabati zote kijivu, maana kijivu ndiyo fasheni. Tukabandika vigae vya plastiki juu ya sinki, tukabadilisha balbu ya njano tukaweka nyeupe, vishikio vya mbao vikatoka vikaingia vyeusi. Meza nyekundu nikaifunika kwa karatasi nzito ya gundi yenye sura ya marumaru. Siku tano, kwisha. Nilisimama mlangoni nikapiga picha ishirini nikamtumia yule wa Njiru.

Mama alirudi Jumamosi adhuhuri, kilemba kichwani, vumbi la safari miguuni. Nilimwonea huruma, alikuwa amekonda. Hata sikumwacha akae. Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka mlango wa jikoni nikausukuma. "Haya, Mama! Ona!"

Alisimama kizingitini. Alitazama kabati, akatazama ukuta, akatazama tena kabati. Mguu wake haukuvuka.

"Mmefanya kazi," akasema. "Asanteni."

Akageuka, akaenda sebuleni, akaketi kwenye kile kiti cha karibu na mlango ambacho huketi wageni, mkoba juu ya mapaja. Nikampelekea chai. Aliipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mwanangu. Umesumbuka."

Umesumbuka! Mama huyu, ambaye chai yangu ikiwa na majani machache hunirudisha jikoni kama mtoto, leo ananiambia nimesumbuka. Nilirudi kwenye sinki nikasimama tu. Nikahesabu niliyoyafanya nikashindwa kuona kosa.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, aliniambia kwa upole, "Naomba maji ya kunywa, kama yapo." Kama yapo! Katika nyumba yake! Na hakuingia jikoni. Jumatatu hakuingia. Alinawa mikono kwenye mfereji wa uani. Mboga alizichambua nje, akiwa ameketi kwenye kigoda, kisha akanipitishia ungo mlangoni kama anayemuuzia jirani.

Nilichanganyikiwa, nawaambia ukweli. Nilidhani ni harufu ya rangi, nikafungua madirisha usiku na mchana mpaka paka wa jirani wakahamia. Nilidhani ni vishikio, nikavitafuta vile vya mbao kwenye ndoo ya takataka za fundi, nikavirudisha kimoja kimoja kwa bisibisi. Mama akapita mlangoni, akaona, akasema, "Usijichoshe." Nikabandua ile karatasi ya marumaru mezani, nusu ya waksi ikatoka nayo, meza ikabaki na mabaka. Nikazidi kuchanganyikiwa. Nikamwuliza mume wangu, "Mama yako ana nini?"

"Mathe ana huzuni," akasema. "Amezika dada yake. Wacha apoe."

Huzuni naijua. Nilikwisha kuiona kwake alipofiwa na mzee: alilia, akapika, akalia, akapika zaidi. Hii haikuwa huzuni. Hii ilikuwa adabu, na adabu ile ilinitisha kuliko kilio.

Jumatano nikamkuta chumbani anakunja nguo. Si nguo za kufua. Anazikunja na kuzitia kwenye begi, pamoja na Biblia na picha ya harusi yake. Alikuwa amemwambia mwanawe kwa simu kwamba anarudi nyumbani, kijijini, kukaa huko moja kwa moja. Nyumba ya kijijini nayo haina mtu, bati linavuja, na yeye miguu inamsumbua. Atachotewa maji na nani? Nilienda chumbani kwetu nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nikalia. Nilijua jambo moja tu katika vurugu lile: akiondoka, nitakuwa sina mama mara ya pili, na mara hii nimejifukuzia mwenyewe kwa brashi ya rangi.

Alhamisi uvumilivu ukaniisha. Nilimfuata uani alipokuwa na ungo wake, nikapayuka. Najua mkwe hapandishiwi sauti. Nilipandisha.

"Mama! Nimekukosea nini? Nitukane basi! Nipige hata na huo ungo! Lakini usiniambie asante tena, tafadhali, asante yako inaniua!"

Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo akaingia ndani haraka. Mama aliweka ungo chini. Alinitazama bila hasira. Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mwenzake kweli hajui.

"Wewe hujui," akasema mwishowe.

"Sijui nini?"

"Kwetu mwanamke akizikwa, siku ya tatu wake za wanawe wanasiriba jiko lake. Wanateka ule udongo wa kijivu wa mtoni, wanasiriba ukuta wote, wanabadilisha mafiga. Ndipo mwingine aanze kupika. Hakuna anayeligusa kabla." Akapangusa mikono kwenye leso. "Nilikaa pale nikatazama jiko la dada yangu likisiribwa. Nikapanda gari. Nikafika hapa, ukanishika mkono ukanionyesha langu."

Ee Mungu wangu. Nilikaa chini pale pale kwenye simiti, sketi ya kazini na yote. Mimi ni mtoto wa mtaa. Ushago, huko kijijini, huenda Krismasi tu, nakula kuku, narudi. Nani angeniambia? Mume wangu naye, aliyezaliwa na huyu mama, hakujua; wanaume hawasiribi majiko.

"Mama, sikujua. Naapa. Nilitaka upate jiko zuri."

"Nimeshajua kwamba hukujua. Nilishuku tangu Jumapili." Akahema. "Lakini limeshafanyika. Sasa mimi niko upande gani?"

"Kuna dawa yake? Kuna kitu hufanywa?"

"Mwenye jiko akiwa hai?" Mama alifikiri sana, nikaona kweli anatafuta. "Sijui, mwanangu. Haijawahi kutokea. Hao wengine hawakurudi kuuliza."

Jioni mume wangu akapiga simu nyumbani kuuliza wazee. Mjomba wake akasema achinjwe kuku mwekundu. Ndugu wa mjomba akamnyang'anya simu, akasema huyo amechanganya na mambo ya kisima, hapa ni kondoo. Wa tatu, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema hayo yote ni giza, tuombe tu na tukae kimya. Kisha wakaanza kugombana wao kwa wao, salio likaisha. Mume wangu alibaki ameshika simu. "Sasa?" akaniuliza. Sasa mimi nijue nini? Nilikuwa nimewauliza waliozaliwa na mila hiyo na wao walikuwa wamepotea kuliko mimi. Begi la Mama lilikuwa mlangoni, limefungwa. Tiketi ilikuwa ya Jumapili.

Jumamosi mchana nilikuwa peke yangu jikoni. Nilikuwa nimeweka maji ya ugali, na nilikuwa nikikata nyanya bila kuziona. Nikasikia nyuma yangu, kwenye mlango wa sebuleni:

"Hodi."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nje ya kizingiti, viganja vimeshikana mbele. Alitaka nini? Labda kuaga. Labda kujaribu. Sijui, na sikuwahi kumwuliza.

"Hodi," akarudia.

Nikisema karibu, basi jiko ni langu, nimelichukua mchana kweupe na yeye ni mgeni mpaka kufa. Nikinyamaza, nimemfungia mlango mtu aliyenilea. Nilitafuta neno la tatu katika Kiswahili chote ninachokijua, halikuwepo. Maji yakaanza kuchemka. Mama akangoja.

Nikazima gesi. Nikaweka kisu juu ya meza. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaufunga, nikasimama uani chini ya kamba ya nguo kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Hakuna sauti. Nilingoja. Nikafikiri, amerudi sebuleni kuchukua begi, nimeharibu tena, mimi na haraka zangu. Nikanyoosha mkono nikabisha mlango wa jiko lile nililolipaka mwenyewe.

"Hodi hapa!"

Nikabisha tena, kwa ngumi.

"Hodi, Mama!"

Nikasikia kabati ikifunguliwa. Ikafungwa. Nyingine ikafunguliwa, ikafungwa kwa kishindo. Ya tatu. Kisha sufuria ikaburutwa mezani.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mke wa mwanao."

Nikasikia kiberiti. Nikasikia gesi ikishika.

"Ingia," Mama akasema. "Na uje uniambie ni nani aliyekudanganya kwamba jiko la mtu mzima anayepumua hupakwa rangi ya kaburi."

Nikaingia. Hakuniambia keti, hakuniambia asante. Alinitupia kisu na vitunguu, akanigeuzia mgongo, na mimi nikaanza kumenya nikilia, na hakuna aliyeweza kusema kama ni vitunguu.