Ngozi za Watu wa Mbao

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa kule Temeke, muuzaji akafungua kopo la rangi ya kahawia mbele yangu. Harufu ya tapentaini ikanitoa nje mbio bila kununua kitu. Sijui kama wewe, rafiki yangu, unayo harufu inayokutia hofu. Mie ninayo hiyo.

Enzi za Mwingereza mtaa wetu ulikuwa nyumba za udongo na makuti, kila moja imekaa inavyotaka. Asubuhi iliingia na harufu ya vitumbua kutoka kwa jirani wa mbele, na sauti ya tezo kutoka kwa jirani wa nyuma, mchongaji wa vinyago, mtu wa kusini. Nilichota maji, nikamchagulia bibi yangu mchele, kisha nikakimbilia kwa mchongaji.

Mwaka ule mzungu mpima ardhi alimwagiza vinyago vya watu wadogo, urefu wa kidole, wa kusimama kwenye mji wa mbao aliokuwa akiutengeneza juu ya meza ofisini kwake, mfano wa mji mpya uliokusudiwa kujengwa. Mchongaji alichonga. Kupaka akaniachia mie.

"Paka kahawia tu, mwanangu."

Kahawia tu! Ningewezaje? Sikufundishwa na mtu, lakini kitu kisipokuwa sawasawa siwezi kukiacha, mpaka leo. Nilijaribu rangi nyeusi ya kopo, akatoka mtu wa masizi, hana damu. Nikamkwangua kwa wembe. Baada ya kuharibu wengi nikagundua kuwa lazima utangulize nyekundu, ile ya kupakia mabati, uiache ikauke, ndipo upitishe kahawia nyepesi juu yake, ili wekundu uchungulie kwa chini. Kwa mtu mweusi sana, tone la buluu linatosha. Kila rangi niliijaribu kwanza kwenye mkono wangu, nikauweka juani kando ya mkono wa mtu.

Ndivyo majirani walivyoingia ndani ya mbao zile.

"Ee! Ndo mie huyu?" alipiga kelele mama wa vitumbua. "Mtoto kanipaka masizi ya kikaango changu!"

"Hapo kakuonea huruma, dada," mchongaji akamjibu.

Tulicheka sana. Kisha yakazuka maneno kwamba aliyepakwa ndiye atakayepewa nyumba ya bati katika mji mpya. Watu wakaanza kuja wenyewe na mikono yao, wengine na vitumbua vya kunibembeleza. "Na mie nipake, mwanangu, nisiachwe."

Bibi hakuja. "Mtu akishafanywa mdogo hivyo," aliniambia, "anabebeka."

Nilimpaka kwa kumtazama kwa wizi. Alikuwa ametoka kuugua homa, na ngozi yake iliyokuwa kama chai ya rangi ilikuwa imeingia kijivu chini ya macho. Sikujua nimpake bibi yupi. Nikampaka yule wa baada ya homa, na yule wa mbao alifanana naye mno hata nikamfunika kwa kitambaa.

Tuliwapeleka ndani ya boksi lenye maranda ya mbao. Mji ule wa mezani ulikuwa na barabara zilizonyooka na mapaa yaliyopangwa safu. Nilichokitambua ni kijito tu. Nikaanzia kwenye kona yake na kufuata kwa macho: hapa kisima, hapa msikiti wetu wa makuti, hapa kwetu. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na barabara pana, na mzungu, akitabasamu kwa uzuri wa kazi, alimsimamisha bibi katikati yake.

"Na sie tunaokaa pale?" mchongaji alimuuliza karani wa mzungu.

Karani hakuinua uso. "Mtaarifiwa."

Tuliporudi majirani walikuwa wanatungoja nje. "Haya, mie nimewekwa wapi?" mama wa vitumbua aliuliza. "Karibu na soko?"

Mchongaji alilitua boksi tupu mlangoni. Nikajibu mie. "Barabarani. Sote tumewekwa barabarani. Nyumba zetu hazimo."

Walicheka. Kisha, mmoja mmoja, wakaacha.

Bibi aliniuliza jambo moja tu: kama nilimpaka vizuri. Nikasema ndiyo.

Mvua zilipokatika vikaja vigingi vilivyopakwa chokaa, kimoja mbele ya mlango wetu. Mtaa ukatawanyika, wengine Mbagala, wengine Yombo, mchongaji kwao kusini. Bibi hakuizoea nyumba mpya, hakuumaliza mwaka. Leo hakuna wa kunionyesha kisima kilikuwa wapi, wala uchochoro tuliopitia kuazimana moto. Nakumbuka ngozi za watu wale kuliko sauti zao.

Siku ya kuhama, mama wa vitumbua alisimama na kikaango kichwani.

"Na wale wa mbao, wanahamia wapi?"

"Hawahami," nilimjibu.

"Ee," alisema. "Bahati yao." Akakishika kikaango vizuri, akaenda.