Simu Mbili kwa Sentensi Moja

Nilivunjika mguu nikibeba mawe ya ujenzi Shela, nikalazwa wodini Amu wiki tatu. Tangu niache shule sikuwa nimelala mahali pamoja muda mrefu hivyo. Intaneti ya hospitali ilikuwa ya kazi za ofisi, sisi wagonjwa hatukupewa nywila. Intaneti ya simu nayo ilishika kwenye dirisha langu tu, ingawa simu za kawaida zilipita kote. Basi niliweka simu yangu dirishani, nikafungua hotspoti, na wodi nzima ikawa inanywa hapo.

Kitanda cha tatu alilala mzee wa Faza aliyevunjika nyonga. Mguu wake ulivutwa kwa kamba yenye uzito unaoning'inia, hata kugeuka hawezi. Ijumaa ile, baada ya laasiri, binti yake alikuwa anaolewa huko kwao.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiyo ndia ya intaneti yafika Faza?"

Nikamwambia inafika, ila inachechemea kama mimi.

Mimi ni mtu wa bara, si Mwislamu, na swali likinijia silimezi. Nikamuuliza kwa nini ndugu yake asimwoze tu huyo binti. Akanieleza bila kuchoka. Baba ndiye walii, msimamizi wa ndoa ya binti. Ndugu anaweza kuoza kwa niaba yake, lakini lazima baba amwakilishe, yaani amfanye wakili wake, kwa ulimi wake mwenyewe. Alikuwa ametaka kukaa msikitini siku hiyo na kumwoza bintiye kwa mkono wake. Hilo lilishashindikana, ikabaki sentensi moja ya kumwakilisha ndugu. Shehe wa kufungisha ndoa huko Faza alikubali ipite kwenye simu kwa sharti amwone uso, ajue kwamba ni yeye na kwamba dawa hazijamchukua akili. La sivyo nikaha, kule kufungwa kwa ndoa, ingengoja mpaka atoke, na hakuna daktari aliyejua atatoka lini.

Laasiri tukampigia huyo ndugu kwa video, shehe akiwa kando yake. Mzee alikuwa amevaa kofia, kanzu imetandazwa kifuani juu ya shuka. Akaanza vizuri, "Nimekuwakilisha, ndugu yangu, umuoze binti..." Picha ikaganda. Tukarudia.

"Bwana, jina la mume hatukulisikia," shehe akasema. "Twataka maneno yote, yaje pamoja."

Nikauliza wodini nani anatazama nini. Fundi umeme wa kitanda cha mwisho akainua kidole.

"Mpira."

"Wa leo?"

"Marudio."

"Zima basi, kaka," akasema mwendesha bodaboda aliyelala jirani yake. "Ukiacha kutazama hawatafungwa tena."

"Kwani wewe umezima?"

Yule akatoa simu chini ya mto, akazima.

Mara ya tatu picha ilikuja vizuri, sauti ikakatika. Mzee akalaza kichwa. "Waambie waahirishe," akaniambia.

Sista alikuwa akigawa dawa. "Si mtumie simu mbili?" akasema. "Picha huku, sauti huku." Akatoa simu yake, akampigia shehe simu ya kawaida, akaishika karibu na mdomo wa mzee. Nimetengeneza redio na majenereta kwa kubahatisha tu, lakini hilo sikuliwaza.

Mzee akasema yote polepole, jina la binti, la mume, na mahari. Shehe akabaki akitazama skrini. Sauti ilikuwa imetangulia picha. Huko Faza midomo yake ilikuwa bado inasema. Shehe akaingoja mpaka ikafumba.

"Tumekusikia," akasema, "na tumekuona."

Nikaha yenyewe hatukuiona, maana picha iliganda kwenye bega la mtu. Tuliisikia kwa simu ya sista, mume akikubali kwa haraka kama anayeogopa laini itakatika. Baadaye simu ya upande wa pili ikapelekwa kwa wanawake, binti akaja hewani. Habari za harusi hakuzitaja. Alimuuliza baba yake kama nyonga inauma.

"Haiumi," mzee akasema.

Tangu asubuhi alikuwa amekataa sindano ya maumivu, shehe asije akamshuku. Sista akangoja waagane, akachukua simu yake, akaenda kuandaa sindano.