Nani Kafuta Oda za Vitenge?

Nichekeni, lakini polepole. Nilimtengenezea Hajji Salumu, muuza vitenge wa mtaa wa Bwiza, programu ya kupokea oda za harusi. Ndani yake naeleza tu majedwali ya kuhifadhia oda yaweje. Seva, ile sehemu inayoendesha programu, ikiwaka inayajenga yenyewe. Nilipokuwa najaribu, niliongeza amri moja: kila ukiwaka, yafute ya zamani na oda zake kwanza, kisha ujenge mapya. Nikasahau kuitoa.

Oda zikaanza kutoweka, Hajji akaniita dukani. Fundi kama mimi nikosee? Nikamnyooshea kidole Zaituni, binti anayeingiza oda.

"Apana kaka, mi sijafuta kitu," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Kompyuta haifuti bila mutu," nikamjibu kwa sauti, wateja wasikie. Hajji akamwambia kesho asirudi.

Nikaingiza oda moja niwaonyeshe kwamba haiendi popote. Umeme ukakatika. Tulisubiri mpaka ukarudi. Kompyuta ikawaka, seva ikaanza yenyewe, jedwali likatokea tupu. Zaituni muda wote alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mikononi.

Hajji akamtazama Zaituni, kisha akanigeukia.

"Haya fundi, sasa ni mutu gani amefuta?"