Barafu ya Samsoni Kathembo

Ukitaka kumuudhi Samsoni Kathembo wa Kyondo, liguse sanduku lake la chanjo. Lilikuwa la buluu, lenye mkanda wa kutundika begani, na kwa miaka ishirini na miwili alipanda nalo vilima na kushuka nalo bila kuharibu kichupa hata kimoja. Watu walimwita musawo, ingawa hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mchanjaji wa kituo cha afya, na siku zilizobaki alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake. Lakini kwa habari ya baridi hakuna aliyeweza kumfundisha kitu. Aliwahi kumgombeza katekista aliyeficha soda yake humo ndani, tena Jumapili, mbele ya waumini.

Na ufundi alikuwa nao, tusimnyime. Barafu, iliyofungwa ndani ya vidumu bapa vya plastiki, ikitoka kwenye friji hakuitia sandukuni papo hapo. Aliiacha mezani itoke jasho, akaitikisa karibu na sikio mpaka asikie maji yakicheza ndani. Ikiwa kavu mno, inagandisha chanjo ya pepopunda na kuiharibu. Ikiyeyuka mno, chanjo ya polio, ambayo ni kitu hai, inakufa kwa joto. Kati ya digrii mbili na nane, basi. Hiyo ilikuwa dini yake ya pili, na mkewe Marita alizoea kusema kwamba pengine ndiyo ya kwanza.

Mwaka 2016 Marita alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Walikwenda Mbarara, titi likakatwa, akatundikiwa dawa mara sita. Dawa ile ilimnyonyoa nywele, ikamng'oa kucha mbili, ikamfanya atapike hata kwa harufu ya chai. Alivumilia kwa sababu aliambiwa mwisho wake ni kupona. Miezi saba baadaye uvimbe mwingine ulichomoza kwapani. Yaani mateso yote yale yalimpata yeye, na ugonjwa ulikuwa umekaa pembeni unatazama. Samsoni alikasirika akakosa wa kumkasirikia, akaenda kupiga kelele kwa mbuzi.

Hapo ndipo walipompata Daktari Nabasa. Alikuwa mwanamke wa upande wa Mbarara, kijana bado, aliyefika hospitali ya Bwera kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuona wagonjwa wa saratani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakupindisha maneno.

"Mwili ya Marita inaweza beba dawa mara moja tena, si zaidi," aliwaambia. "Dawa iko aina tatu. Mimi sijui gani itafanya kazi. Nikikisia vibaya, hatuna nafasi ingine."

Kisha akawaeleza. Uvimbe hudondosha seli zake kwenye damu, chache sana, zikazunguka mwilini. Ng'ambo ipo maabara inayoweza kuzichuja seli hizo na kuzijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, ionekane ni ipi inayoziua na ni ipi zinazoicheka. Kipimo kilikuwa bado cha utafiti. Hakikuwa ahadi, alisema, kilikuwa msaada wa kukisia kwa akili. Alipewa vifaa vya watu sita tu, na kimoja kilikuwa kimebaki. Seli lazima zifike zikiwa hai, ndani ya siku tatu. Na Marita akishaanza dawa mpya, damu yake haitafaa tena kwa kipimo hicho.

"Zikiwa hai," Samsoni alirudia, na moyo wake ukatulia. Kitu hai cha kusafirishwa. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo dereva wa daktari alipotajwa kuwa ndiye atakayeipeleka damu Kasese, itumwe ng'ambo kutoka huko, Samsoni alisimama.

"Hapana, Daktari. Mimi ndio nabeba. Huyu ni bibi yangu."

"Sawa, Mzee. Usiache ipate joto. Na ifike vile iko." Daktari alisema hivyo akiwa tayari amemgeukia mgonjwa mwingine, maana benchi lilikuwa limejaa hadi nje.

Alhamisi ya mwisho wa Septemba 2017 Samsoni alishuka kutoka Kyondo alfajiri akiwa na sanduku lake la buluu na barafu nne za kituo. Marita alitolewa damu saa mbili asubuhi, mirija miwili. Ilifungwa ndani ya kiboksi cheupe kilichotoka ng'ambo, na Samsoni akakipeleka nyuma ya jengo kukikagua kwa jicho la mtu anayejua kazi. Juu yake palikuwa na picha ya theluji iliyopigwa mstari. Aliijua picha hiyo tangu zamani, ipo kwenye chanjo nyingi: usigandishe. Chini yake palikuwa na Kiingereza kirefu cha maandishi madogo ya kuumiza macho, akakiruka. Ndani, pembeni mwa mirija, alikuta mifuko miwili ya maji mazito. Aliishika. Ilikuwa vuguvugu.

Alicheka kwa dharau. Wazungu hawa, na elimu yao yote, wametuma mifuko ya barafu na kusahau kuigandisha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mtu akishafanya kazi ileile miaka ishirini na miwili, huona kuuliza ni kujivunjia heshima. Daktari alikuwa hatua thelathini kutoka pale, nyuma ya mlango uliokuwa wazi. Samsoni alitoa ile mifuko, akatikisa barafu zake sikioni mpaka maji yakacheza, akazipanga kuzunguka mirija, akatumbukiza kipimajoto, akafunga kiboksi na kukitia ndani ya sanduku lake la buluu. Digrii nne. Akatoa karatasi yake ya kazi na kuandika saa na digrii, kama alivyofanya siku zote.

Marita alikuwa amekaa kwenye ngazi, pamba imebanwa kwenye kiwiko.

"Baba Bright, unaenda nayo salama?"

"Kama yai," alimjibu.

Alipanda bodaboda ya kumfikisha Kasese moja kwa moja. Walipita Kisinga jua likianza kukaza, na kila walipofika penye kivuli alimsimamisha kijana wa pikipiki, akachungulia, akaandika. Nne. Nne. Tano, akasonya, akasogeza barafu. Nne.

Karibu na Kikorongo, ambako joto linapanda kutoka kwenye lami mpaka linaingia kwenye soli za viatu, walikuta kizuizi cha wanajeshi. Aliyekuwa zamu aliitwa Olanya, jina lilikuwa kifuani. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, na siku yake haikuwa nzuri.

"Shuka. Fungua hiyo."

"Afande, hii ni damu ya hospitali. Nikifungua baridi inatoka."

"Nimesema fungua. Toa yote, weka chini."

Barua ya daktari ilionyeshwa. Olanya alisema ataisoma mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa anakula. Mirija ya damu ya Marita ikawekwa juu ya meza ya mbao ndani ya hema, mbali na barafu, kipimajoto kando yake, na Samsoni akawekwa nje, mlangoni. Aliuona mshale wa kipimajoto ukipanda: kumi, kumi na tano, ishirini na mbili. Alisihi. Alitaja ugonjwa, alitaja titi, alimtaja Mungu.

"Afande, hiyo kitu iko hai. Munaiua."

"Kaa kimya, Mzee. Kama iko hai, mbona haijalia?"

Nusu saa nzima. Mkubwa alipomaliza kula alitazama barua kwa sekunde mbili na kupunga mkono. Samsoni alirudisha mirija kwenye barafu, na kutoka hapo hadi Kasese alimlaani Olanya kwa Lhukonzo, lugha ya kwao inayofaa kazi hiyo. Kwenye karatasi aliandika kwa herufi kubwa: ISHIRINI NA MBILI, DAKIKA THELATHINI, KOSA LA ASKARI. Chini yake, baada ya saa nzima: nne.

Kasese alikabidhi kiboksi kwa watu wa vifurushi. Barafu zake alizifunga humohumo ndani, ingawa zilikuwa mali ya kituo, akaibandika karatasi yake juu ili mabwana wa ng'ambo waone kwamba huku nako kuna watu wanaojua kazi. Usiku huo alimwambia Marita kwamba kama kutatokea shida yoyote, imetokea Kikorongo, kwa mtu anayeitwa Olanya.

Wakasubiri. Uvimbe wa kwapani ulikua kutoka punje ya kahawa hadi yai la njiwa. Marita hakuweza tena kuinua mkono kuanika nguo, akawa anaanika kwa mkono mmoja. Kila alipoulizwa na majirani mbona hajaanza dawa, alijibu kwamba yake inachaguliwa. Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu anayeshonewa gauni kwa vipimo vyake.

Alhamisi ya mwisho wa Oktoba waliitwa ndani. Daktari Nabasa alikuwa na karatasi mbili mkononi. Hakuwaangalia.

"Seli ilifika yote imekufa," alisema. "Hakuna jibu."

Samsoni aliruka. "Nilisema! Ni ule askari. Daktari, niliandika, saa na dakika, niliandika yote."

"Ni wewe uliandika hii?" Daktari aligeuza karatasi ya pili. Ilikuwa nakala ya maandishi yake, safu yote, imepigwa mstari mwekundu na mtu wa mbali.

"Ni mimi," Samsoni alisema, na kwa kitambo kidogo alijisikia vizuri.

Nabasa aliiweka mezani. Akaweka kidole kwenye nne ya kwanza, akakiteremsha polepole, nne, nne, tano, nne. Alieleza kwamba seli zile hazitaki baridi. Zinataka joto la chumba tu, kama la mtu aliyekaa kivulini. Ile mifuko ya maji haikusahauliwa na mtu. Iliwekwa hivyo kwa makusudi, izuie joto na izuie baridi pia. Kidole kilipofika kwenye herufi kubwa kilisimama.

"Hapa tu," alisema. "Hii nusu saa tu ndio ilikuwa sawa."

Samsoni aliomba kifaa kingine. Hakikuwepo. Aliomba wangoje kitumwe kingine. Daktari alimwinua Marita mkono, akautazama uvimbe, akasema hawawezi kungoja hata wiki mbili. Ataanza leo. Amechagua dawa moja kati ya tatu.

"Umechaguaje?" Marita aliuliza.

"Nimekisia, Mama. Pole."

Wakapelekwa hadi chumba cha kutundikia dawa. Samsoni alitafuta maneno njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa ya hatua kumi. Hasira aliyokuwa nayo kwa wazungu, kwa Olanya, kwa yule mkubwa na sahani yake, yote ilirudi nyumbani ikamkuta mlangoni.

"Mama Bright," alianza.

"Ulinibeba kama chanjo," Marita alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi niko mutu, Baba Bright. Miaka yote hii, na daktari alikuwa pale tu. Si ungeuliza."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja haraka kuliko wajukuu wengi.

Muuguzi Vasta, aliyemfahamu Samsoni tangu kampeni za surua, aliingia na kisanduku cha dawa kilichosafirishwa kutoka Mbarara. Dawa hiyo, yeye alisema, ndiyo inayotaka baridi hasa. Akakifungua mbele ya Samsoni kwa heshima, mfanyakazi kwa mfanyakazi mwenzake.

"Musawo, nisomee hapo kabla sijaitoa. Iko ngapi?"

Samsoni aliinama. Namba aliiona vizuri, lakini mdomo ulikataa kuitoa. Vasta akangoja, akamtazama, akauliza tena.

Marita ndiye aliyejinyanyua kitandani, akachungulia ndani ya kisanduku.

"Nne," alisema, akalala, akanyoosha mkono wake upigwe sindano.