Chombo Kisicho na Sufuria

Binti ya dada yangu anasoma chuo huko Lubumbashi. Alipokuja Kamina kwa Pasaka aliniachia flashi yenye msimu wa kwanza wa tamthilia moja ya anga, iliyotiwa maneno ya Kifaransa. Watu mia mbili wanaihama dunia yao iliyokauka na kusafiri ndani ya chombo kikubwa, wakitafuta dunia nyingine. Chuoni kwao wanabishana. Wengine wanasema msimu huo ni wa kuruka, utamu unaanza katika wa tatu. Wengine wanasema aliyeuruka hataelewa kitu.

"Tonton, weye njo unafundishaka fizike," aliniambia mimi mjomba wake. "Angalia yote, unipe pointi juu ya ishirini. Lakini useme kweli."

Nilitenga daftari jipya kwa kazi hiyo. Niliangalia Jumamosi mchana, jua likiwa kali, kwa sababu ndipo paneli yangu ya sola inapovuta vizuri na kompyuta haizimiki watu wakiwa katikati ya maneno.

Kipindi cha kwanza peke yake kilijaza ukurasa. Chombo kinapita kwa mngurumo mahali pasipo na hewa ya kubeba sauti. Nyota zinapita dirishani kama mvua. Watu wanatembea sakafuni kama wanaokwenda sokoni, na hakuna anayeeleza kwa nini hawaelei. Halafu milango. Kila mlango ulipofungwa, ukuta mzima ulitikisika, nikajua ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya chuma. Niliandika: nane juu ya ishirini.

Jumamosi iliyofuata jirani yangu alileta simu yake kuchaji. Ni mjane anayeuza vitenge sokoni. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai, na aliletwa Kamina na marehemu mume wake, mfanyakazi wa reli. Kwa kawaida huacha simu na kuondoka. Siku hiyo alisimama mlangoni, akaangalia kidogo, kisha akaketi.

"Mwalimu, bale bantu banaenda wapi?"

"Dunia yao ilikauka, Mama. Banatafuta ingine."

"Biko mu njia tangu wakati gani?"

"Miezi tatu."

Aliangalia mpaka kipindi kikaisha. Halafu akauliza, "Na jiko iko wapi?"

Sikuelewa.

"Bantu mia mbili, miezi tatu. Minyi sijaona hata sufuria moja. Sijaona nguo ku kamba. Sijaona muntu analinda maji yake."

Nilirudi kwenye daftari langu. Kwamba nje hakuna hewa nilikuwa nimeandika. Chakula sikukikumbuka hata kidogo. Nikamwomba aje tena wiki ijayo, hata kama simu yake imejaa.

Alikuja. Katika kipindi cha nne, upande mmoja wa chombo unapasuka, na nahodha anaamuru watu wote wahamie upande wa pili upesi. Wanasimama, wanapanga mstari, wanatoka kimyakimya huku muziki ukilia. Mimi nilikuwa tayari kuongeza pointi. Jirani yangu akafyonya.

"Hapa banadanganya."

"Nini?"

"Angalia mikono yao. Haina kintu."

Nikasimamisha picha. Kweli, watu wote walikuwa wanaacha nyumba zao mikono mitupu.

"Wakati benyeji ba huku balitufukuza sisi bantu ba Kasai," akasema, "minyi nilikuwa na miaka kumi na moja. Balituambia turudie kwetu Kasai. Kasai yenyewe sikuijua, nilizaliwa huku. Baba alikuwa karani, muntu wa kalamu na shati nyeupe. Unajua alibeba nini? Mulango."

"Mulango gani?"

"Mulango ya nyumba! Alichukua bisibisi, akaitosha ku bawaba pale pale. Mama analia, 'Acha mulango, beba unga!' Baba anasema, 'Hii nilitengenezesha kwa fundi mwenyewe, sitabaachia.' Basi baba mbele, kaka yangu nyuma, mulango ku kichwa, mpaka gare."

Huko kwenye stesheni walingoja treni wiki nyingi, umati wa watu na mizigo yao. Usiku mlango ulikuwa kitanda, mchana walikuwa wanausimamisha uwe kivuli. Na ni juu ya mlango huo mama yake alijifungua mtoto wa mwisho, wanawake wameshika vitenge kumzunguka.

"Toka siku ile mama hakusema tena juu ya unga," alisema, akacheka.

Nilimwuliza maswali kama mwanafunzi. Mlango ulikuwa mzito namna gani? Uliingiaje ndani ya behewa? Huko Kasai uliishia wapi? Alijibu yote. Baba yake alijenga nyumba ya udongo, na kwa kuwa mlango ulizidi tundu, walibomoa ukuta kidogo ili uingie.

"Na hapa Kamina tulipita," akaongeza. "Treni ilisimama siku mbili."

Hilo lilinigusa mahali. Mimi na yeye ni rika moja. Sisi tulikuwa familia ya Wamethodisti, na nyumba yetu haikuwa mbali na reli. Treni hizo nazikumbuka, watu wamejaa mpaka juu. Tulikatazwa kwenda karibu. Nakumbuka pia wanawake wa kanisa letu wakibeba mabeseni ya maji, mama yangu kati yao. Sikuwahi kumwuliza walikuwa wanampelekea nani. Nikamwuliza jirani yangu kama alipata maji.

"Nilikunywa maji ya bantu mingi, Mwalimu. Pengine ya kwenu ilikuwa ndani."

Tuliendelea mpaka kipindi cha kumi. Katika cha nane, mwanamke mzee asiye na jina amekaa kwenye ujia wa chombo. Anaosha kijiko chake kwa maji kidogo ndani ya kikombe, kisha anayanywa maji yale. Ni jambo la kufumba na kufumbua, wala hakuna anayelisemea. Jirani yangu alipiga makofi.

"Huyu! Huyu njo alisafiri!"

Tulirudisha picha mara tatu. Mpaka leo najiuliza nani aliliwaza lile. Mwandishi? Au yule mwigizaji mwenyewe, aliyejua kitu wengine hawakukijua?

Nilimwandikia binti ya dada yangu: sayansi sita; milango sifuri; bibi wa kijiko ishirini. Msimu mzima, bila kupiga hesabu, naupa kumi na moja, na usiuruke. Jirani alikataa kupita kumi. "Apite darasa," alisema, "lakini bamuitie muzazi."

Mwezi uliopita msimu wa pili ulifika, umeletwa na msafiri. Nilipomwambia jirani, alikuja siku hiyo hiyo bila simu.

"Nataka kuona kama batafika," nilisema nikiwasha kompyuta.

"Kufika, batafika," akajibu, akisogeza kiti cha plastiki karibu. "Minyi nataka kuona benye batabapokea."